Kuandaa trekta dogo kwa kazi ya kuondoa theluji majumbani: mwongozo kamili kutoka Minnesota

Theluji laini iliyoanguka usiku huwa na uzito wa kati ya kilo 50 na 100 kwa kila mita ya ujazo. Chukua njia ya gari ya nyumba ya kawaida katika vitongoji vya Minneapolis, jiji la jimbo la Minnesota nchini Marekani, yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 20, iwe imefunikwa kwa kina cha sentimita 20: hizo ni mita za ujazo 24, yaani tani moja na zaidi hadi kukaribia tani mbili na nusu mbele ya mlango mmoja tu. Theluji yenye majimaji, ile ya mwezi Machi, huweza kuwa na uzito mara tatu ya huo. Ndiyo maana baadhi yetu tuliohamia huku kutoka Afrika Mashariki, baada ya misimu miwili mitatu ya kuinamia koleo, huamua kununua trekta dogo, na wengine hugeuza uamuzi huo kuwa kazi ya kuwasafishia majirani.

Kosa ninaloliona likirudiwa kila mwaka ni kuanza na kifaa cha mbele. Mtu hununua plau linalong'aa, yaani bamba la kusukuma theluji, hulifunga, kisha theluji ya kwanza inapoanguka trekta linazungusha magurudumu palepale, au asubuhi ya baridi kali haliwaki kabisa. Nguvu ya injini huwa ipo. Kinachokosekana ni mshiko wa matairi ardhini na maandalizi ya baridi. Kwa hiyo trekta la theluji huandaliwa kuanzia chini kwenda juu, na mwongozo huu unafuata mpangilio huo, isipokuwa kwamba hatua ya kwanza kabisa hufanyika kwa miguu, trekta likiwa bado limeegeshwa.

Hatua ya kwanza: kagua njia yenyewe

Mwezi Oktoba, kabla ardhi haijaganda, tembea kila njia utakayoisafisha ukiwa na futi ya kupimia na daftari. Andika kama uso wake ni lami, zege, vitofali au kokoto. Andika mteremko uko wapi, mahali ambapo mizizi ya miti imeinua lami, mfuniko wa maji uliojitokeza na ukingo wa bustani. Vitu hivi vyote vitafunikwa, na kimojawapo ukikigonga mwezi Januari utavunja ama kifaa chako ama mali ya mwenye nyumba. Chomeka vijiti vya alama pande zote mbili za njia wakati huohuo, kwa sababu udongo ukishaganda hautapokea kijiti chochote.

Andika pia theluji itawekwa wapi, maana jambo hili ndilo litakaloamua kifaa cha kununua. Wastani wa msimu mmoja katika eneo la Minneapolis na St. Paul ni kama sentimita 130, lakini msimu wa 2022 hadi 2023 ulivuka sentimita 225, na aliyekuwa amepanga kwa wastani alijikuta kufikia Februari hana pa kusukumia hata ndoo moja. Kumbuka vilevile kwamba sheria ya Minnesota inakataza kusukuma, kurusha au kuacha theluji kwenye barabara ya umma, hata ikiwa ni kuivusha tu kuipeleka upande wa pili. Theluji ya mteja hubaki kwenye kiwanja cha mteja.

Kuhusu trekta lenyewe, lenye nguvu za farasi 25 hadi 40 linatosha kazi ya majumbani, mradi magurudumu yote manne yavute na giaboksi iwe ya haidrostatiki, yaani inayoendesha kwa shinikizo la mafuta badala ya gia za kubadilisha. Sababu ya sharti hilo la pili si starehe. Mashine ya kurusha theluji inataka shafti ya trekta inayoiendesha izunguke kwa kasi kamili wakati wote, ilhali trekta linapaswa kutambaa polepole sana linapokutana na theluji nzito. Kwa giaboksi ya haidrostatiki, mguu wako hupunguza mwendo bila kugusa kasi ya injini. Kwa trekta la gia za kawaida kazi hiyo inawezekana, lakini utachoka na klachi itachoka.

Hatua ya pili: matairi, uzito na minyororo

Matairi ya trekta dogo huja kwa aina kuu tatu: ya shambani yenye meno marefu, ya bustani yenye meno mafupi yaliyo karibukaribu, na ya kazi za ujenzi yaliyo katikati ya hayo mawili. Meno marefu yanapendeza kwenye tope, lakini kwenye theluji iliyoshindiliwa na barafu huteleza, kwa kuwa yanagusa ardhi kwa eneo dogo na mpira wake hukakamaa kwa baridi. Ya bustani hushika vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ya ujenzi, ambayo ndiyo huja na matrekta mengi yenye loda (mikono ya mbele ya kuinulia ndoo), ndiyo dhaifu zaidi kwenye barafu, na mwenye nayo asijidanganye: atahitaji minyororo, au atahitaji seti ya pili ya matairi ya msimu wa baridi yenye mpira laini na mipasuo midogo mingi. Hayo ni ya bei, lakini hayakwaruzi zege la mteja.

Kabla ya minyororo, ongeza uzito nyuma. Njia ya gharama nafuu zaidi ni kujaza matairi ya nyuma kimiminika kisichoganda. Wengi hapa hutumia maji mazito yatokanayo na viazisukari, zao linalolimwa kwa wingi katika bonde la Red River kaskazini-magharibi mwa jimbo hili. Lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.3, hayali chuma na hayadhuru ardhi yakimwagika. Chumvi ya kalsiamu iliyoyeyushwa kwenye maji ina uzito wa kukaribiana na huo, ila inakula ringi za chuma, kwa hiyo itumie tu ndani ya tyubu isiyovuja. Maji ya kuoshea vioo vya gari ni mepesi zaidi lakini hupatikana kila duka. Chagua yale yanayostahimili baridi kali, si ya majira ya joto. Simamisha gurudumu vali ikiwa juu kabisa, jaza mpaka kimiminika kifikie vali, kisha malizia kwa upepo. Hiyo ni kama robo tatu ya tairi. Usijaze likajaa, kwa sababu tairi lisilo na hewa hugonga ardhi kama jiwe.

Uzito huo uhesabu pamoja na kifaa utakachofunga. Kifaa kikiwa mbele, mkia wa trekta huwa mwepesi, na hapo utahitaji pia sanduku la uzito kwenye mikono mitatu ya nyuma ya kufungia vifaa, lenye zege au mchanga wa kilo 200 hadi 350 kulingana na kitabu cha trekta lako. Kifaa kikiwa nyuma, chenyewe ndicho uzito, na tatizo hugeuka: pua huwa nyepesi na usukani haushiki. Katika hali hiyo napendekeza uiache loda mahali pake msimu mzima, kwani hukandamiza magurudumu ya mbele na ndoo yake hukusaidia kupandisha juu malundo yaliyojaa.

Minyororo sasa. Ile ya umbo la ngazi, yenye vipande vya kukingama tu, ni ya bei ndogo, lakini kwenye matairi yenye meno hutumbukia katikati ya meno na kutoweka, na haizuii kuteleza kwa ubavu. Nunua yenye umbo la almasi au ile ya Ulaya yenye wavu, ambayo daima ina kipande cha chuma kinachogusa ardhi. Kabla ya kulipa, pima nafasi kati ya tairi na bawa la gurudumu, kisha kati ya tairi na bomba lolote la haidroliki. Mnyororo huning'inia na kupigapiga unapozunguka, na ukikosa nafasi ya kutosha utakata kile usichotaka kikatwe. Baada ya kuufunga, endesha kwa dakika kumi, simama, ukaze tena.

Kuna jambo moja hapa ambalo naomba lisisahaulike. Matrekta madogo mengi yana breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Kwenye mteremko wenye barafu, ukiwa umeacha kuunganisha mvuto wa magurudumu manne, breki hufunga magurudumu ya nyuma nayo yakageuka kuwa viatu vya kuteleza. Ukiunganisha, ekseli ya mbele nayo hushirikishwa katika kusimama. Kwa hiyo unganisha kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko, na funga minyororo nyuma kwanza kama unayo jozi moja tu.

Hatua ya tatu: kuchagua kifaa

Chaguo la kawaida ni plau au mashine ya kurusha theluji, ambayo kuanzia hapa nitaiita kirushio.

Plau ni la haraka, halina mambo mengi ya kuharibika, na kwa njia fupi zenye nafasi pembeni linatosha. Litake lenye springi za kujikunja linapogonga kitu kilichofichika, na lenye haidroliki ya kuligeuza kushoto na kulia ukiwa umeketi. Upana wake upime likiwa limegeuzwa: plau la sentimita 183 likigeuzwa kwa nyuzi 30 husafisha sentimita 158 tu, na kipimo hicho lazima kizidi upana wa nje wa matairi yako, pamoja na minyororo, vinginevyo utakanyaga na kushindilia theluji uliyokuja kuiondoa. Likifungwa kwenye mikono ya loda, endesha taratibu. Mikono hiyo ilitengenezwa kwa kuinua, na kugonga kitu kigumu kwa kasi kukiwa na shinikizo la upande mmoja huipinda.

Tatizo la plau ni kwamba haliondoi theluji, linaihamisha tu hadi mahali litakaposhindwa kuisukuma. Kila mvua ya theluji huongeza ukuta, ukuta hugandamana, na njia huzidi kuwa nyembamba. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye njia ndefu, au anayetaka kuwahudumia wateja, ningemshauri bila kusita anunue kirushio.

Kirushio cha mbele huendeshwa na shafti ya katikati ya trekta, ambayo kwa matrekta mengi madogo huzunguka mara 2,000 kwa dakika, na uzuri wake ni kuona kazi bila kugeuza shingo. Gharama yake ni kubwa na kukifunga na kukifungua si kazi ya dakika tano. Kirushio cha nyuma hufungwa kwenye mikono mitatu ya daraja la 1, saizi ya matrekta madogo, na kuzungushwa na shafti ya nyuma kwa mizunguko 540 kwa dakika. Ni cha bei nafuu na imara, lakini unakwenda kinyumenyume saa nzima, na shingo itakudai. Kisha kuna aina ya tatu, maarufu katika jimbo la Quebec na jiji la Ottawa nchini Kanada, ambayo pia hufungwa nyuma lakini mdomo wake unaelekea mbele: dereva hurudi hadi mlango wa banda la gari kifaa kikiwa kimeinuliwa, hukishusha, kisha huondoka kwenda mbele huku kikikomba theluji nyuma yake. Si ajabu kwamba ufundi huu umeota mizizi huko, kwani ni Arthur Sicard wa Quebec aliyeunda mashine ya kurusha theluji inayojiendesha mwaka 1925. Kwa anayesafisha nyumba nyingi zenye njia fupi, naiona kuwa ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu hakuna kifaa kingine kinachosafisha mlangoni kabisa bila kukwangua mlango. Ila trekta hukanyaga theluji kabla ya kuikomba, hivyo ianze kazi kabla kina hakijawa kikubwa.

Kwa upana, trekta la nguvu za farasi 25 libebe kirushio cha sentimita 127 hadi 152. Nguvu ya kuangalia ni ile inayofika kwenye shafti, ambayo siku zote ni ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye boneti. Kirushio kipana kupita kiasi hulemewa na theluji mbichi na kuziba.

Makali ya chini nayo yalingane na uso. Chuma kwa lami na kokoto. Mpira mgumu au poliyurethani kwa vitofali na zege la mapambo.

Hatua ya nne: kulishinda baridi

Dizeli ya kawaida ina nta ndani yake, na baridi ikizidi nta hiyo huganda ikaziba filta. Injini huwaka, hunguruma dakika mbili, kisha huzimika. Minnesota ina jambo lake la ziada. Tangu 2018, dizeli inayouzwa hapa majira ya joto huchanganywa asilimia 20 ya mafuta ya mimea, na majira ya baridi asilimia 5, na mchanganyiko ule wa majira ya joto huganda mapema zaidi. Mtu aliyekata nyasi Septemba akaacha tangi limejaa, Novemba ana tangi la matatizo. Tumia mafuta hayo yaishe, badilisha filta, kisha jaza dizeli ya baridi. Siku za chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, changanya dizeli namba 1, ile nyepesi isiyoganda upesi. Dawa ya kuzuia kuganda itiwe kabla ya baridi kufika. Ikitiwa baada ya mafuta kuganda haifanyi kazi yake.

Funga hita ya injini inayochomekwa kwenye umeme, na uiwekee kipima saa iwashe saa mbili au tatu kabla ya kuondoka. Betri iwe kubwa kadiri sanduku lake linavyoruhusu, kwa kuwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na karibu nusu tu ya nguvu zake, na wakati huohuo injini ni nzito zaidi kuizungusha. Kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, iwe nusu kwa nusu na maji. Oili ya injini iwe ya sintetiki nyepesi. Mafuta ya haidroliki nayo yasisahauliwe: yakiwa mazito, trekta hunguruma bila kusogea, na anayelilazimisha huumiza pampu. Liache liwake bila mzigo dakika kumi hadi kumi na tano, mlango wa banda ukiwa wazi kabisa, kwa sababu moshi wa injini ndani ya banda lililofungwa huua.

Hatua ya tano: mahali pa dereva

Kebini yenye hita ni bora. Ya kitambaa na plastiki ngumu inatosha ikiwa bajeti ni ndogo. Hakikisha fremu ya kinga dhidi ya kupinduka imesimamishwa na mkanda umefungwa. Taa za kufanyia kazi ziwe mbele na nyuma, lakini fahamu kwamba taa za LED hazitoi joto la kuyeyusha theluji inayoganda kwenye kioo chake, hivyo weka brashi kebini. Juu weka taa ya rangi ya chungwa inayomulika, na nyuma pembetatu ya chungwa ya magari yaendayo polepole, isizibwe na kirushio.

Hatua ya sita: kurekebisha na kujaribu

Kirushio kina viatu viwili vya chuma pembeni vinavyoamua makali yatembee juu ya ardhi kwa kiasi gani. Kwenye lami, laza kipande cha mbao cha unene wa milimita 6 chini ya makali, legeza bolti za viatu, viache vishuke viguse sakafu, kaza. Kwenye kokoto, tumia mbao ya sentimita 3 au 4, na uridhike kuacha tabaka la kwanza lishindiliwe na kuganda. Tabaka hilo ndilo litakuwa sakafu yako hadi Machi. Mwenye pupa ya kufikia kokoto hurusha mawe kwenye madirisha.

Paka nta au silikoni ndani ya shingo ya kutupia theluji. Tia grisi kila nipo (kitundu cha kutilia grisi), pamoja na maungio ya shafti. Nunua bolti za kukatika zisizopungua sita za daraja lile lile lililoagizwa na kiwanda, na uziweke kebini pamoja na spana zake. Bolti hizo zimetengenezwa zivunjike ili giaboksi isivunjike, na anayeweka bolti ngumu badala yake amenunua giaboksi mpya bila kujua.

Msimu wangu wa pili, kwenye njia niliyokuwa nimeikagua vizuri Oktoba, mwenye nyumba alitandika waya wa umeme wa taa za Krismasi kuvuka ukingo wa njia. Nilisikia mlio mmoja mkavu, bolti ikakatika. Nilizima injini, nikachomoa ufunguo, nikapiga magoti. Waya ulikuwa umejisokota kwenye parafujo, ile skrubu kubwa inayokomba theluji, zaidi ya mara kumi, umebana kiasi kwamba kisu kiliuchimba nyuzi kwa nyuzi, na ilinichukua dakika arobaini katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, vidole vikitoka kwenye glavu na kurudi. Tangu hapo huzunguka kila njia kwa miguu siku moja kabla ya dhoruba, na nabeba mkasi wa kukatia waya.

Nimesema nilizima injini na kuchomoa ufunguo. Hilo halina ubaguzi, hata kama kilichoziba shingo ni donge dogo la theluji na dhoruba ni kali. Shafti ya 540 huzunguka mara tisa kwa sekunde, na hakuna mtu mwenye mkono wa haraka kiasi hicho. Hata injini ikiwa imezimwa, tumia fimbo na si mkono, kwa sababu parafujo iliyobanwa inaweza kuruka nusu mzunguko inapoachiwa. Kinga za plastiki za shafti zikivunjika, zibadilishe kabla ya kazi inayofuata.

Siku ya kazi

Injini ipandishe hadi kasi kamili ya shafti kwanza, kisha ingia kwenye theluji polepole. Elekeza shingo upande ambao upepo unavuma kwenda, mbali na madirisha na magari. Anza katikati ukielekea pembeni. Tuta linaloachwa mdomoni mwa njia na greda la mji ni gumu na zito kuliko theluji nyingine yote, limechanganyika na chumvi na vipande vya barafu; likombe kwa tabaka, nusu ya upana wa kirushio kila mara, wala usilirukie. Kama dhoruba ni ya siku nzima, pita mara mbili. Mwaka 1991, dhoruba iliyoanza Oktoba 31 iliangusha zaidi ya sentimita 70 hapa Minneapolis kabla ya kukoma, na kiasi hicho hakuna trekta dogo linaloweza kukiondoa kwa mkupuo mmoja.

Ukirudi, acha kirushio kizunguke dakika moja kikiwa tupu ili kiteme theluji iliyobaki, kifagie, kishushe juu ya mbao mbili kisigandie sakafuni, jaza tangi mpaka juu ili unyevu usitande ndani yake, na uchomeke hita.